UZI: Kikao cha wagonjwa wa soriasisi kiwe cha wagonjwa wenyewe, mgeni rasmi asubiri zamu yake

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa miongoni mwa waandaaji wa vikao vya watu wanaoishi na soriasisi kwa muda wa kutosha kuwa na msimamo, na msimamo wangu ni kwamba kikao kinachofaa ni kile ambacho wagonjwa wanazungumza zaidi ya mtaalamu aliyealikwa. Vikao vingi vinavyoitwa vya kusaidiana kwa kweli ni semina. Utambulisho unakula muda, mgeni rasmi anasoma slaidi zake mpaka mwisho, yanapokelewa maswali machache kwa sababu "muda umetutupa mkono", inapigwa picha ya pamoja, kisha kila mmoja anaondoka na kipeperushi mkononi bila kulijua hata jina la aliyeketi jirani yake. Nitaeleza kwa kirefu kwa nini naona hiyo ni hasara, na ninakaribisha hoja za kunipinga.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, soriasisi ni ugonjwa wa kudumu unaotokana na mfumo wa kinga ya mwili kuchochea uvimbe usiohitajika kwenye ngozi. Seli za ngozi, ambazo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mmoja kuzaliwa chini, kupanda juu na kupukutika, hulazimika kuimaliza safari hiyo kwa siku chache tu. Kwa kuwa hazikupata muda wa kukomaa, hurundikana na kuwa magamba juu ya mabaka yaliyonenepa, hasa kwenye viwiko, magoti, kichwa na sehemu ya chini ya mgongo. Katika ngozi nyeupe mabaka hayo huwa mekundu, ilhali katika ngozi nyeusi mara nyingi huwa ya zambarau, ya kahawia iliyokolea au ya kijivu, na hata yakipona huacha alama nyeusi au nyeupe zinazoweza kudumu kwa miezi. Mtu mweusi anayejilinganisha na picha za ngozi nyeupe anaweza kuamini kwa muda mrefu kwamba ana ugonjwa mwingine.

Soriasisi haiambukizi kwa kushikana mikono, kwa taulo, kwa bwawa la kuogelea wala kwa kujamiiana. Hurithiwa kwa sehemu tu, kiasi kwamba pacha mmoja wa kufanana anaweza kuwa nayo na mwenzake asiwe nayo. Dawa ya kuiondoa moja kwa moja haijapatikana, ila zipo dawa za kuituliza, na wapo wanaokaa na ngozi safi kwa miaka. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio mahususi kuhusu ugonjwa huu, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 ikataja kwamba watu wasiopungua milioni 100 duniani wanaishi nao. Nayataja haya kwa sababu mtu anayehudhuria kikao kwa mara ya kwanza mara nyingi huamini kwamba yuko peke yake.

Inafaa pia tukumbuke kwamba vyama vya wagonjwa wa soriasisi havikuanzishwa na hospitali. Mwaka 1966, mjini Portland nchini Marekani, mume wa mwanamke aliyekuwa na soriasisi alitoa tangazo dogo gazetini akiwatafuta wengine wenye tatizo hilo, wakajitokeza watu wengi, na kutokana nao kikazaliwa chama cha kitaifa. Uingereza ilipata chama chake mwaka 1968, katika mji wa Northampton. Tangazo lile lilikuwa linatafuta wenzake tu, na sijui ni lini sisi tulianza kuamini kwamba wenzake hawatoshi.

Sasa niingie kwenye kiini. Daktari wa ngozi mwenye foleni mlangoni huwa na dakika chache za kumhudumia kila mgonjwa, na katika dakika hizo huuliza mambo ya msingi: mabaka yako wapi, yameenea kiasi gani, viungo vinauma au haviumi, dawa ya mwisho ilikuwa ipi. Hana nafasi ya kuuliza iwapo mgonjwa bado analala kitanda kimoja na mwenzi wake, anavaa nini siku ya joto kali, anamjibu nini kinyozi anayesita kumshika kichwa, au kwa nini ameacha kuwapakata watoto wa ndugu zake. Mambo hayo hayana ukurasa kwenye faili, na ndiyo hasa yanayomchosha mgonjwa.

Mtazame mtu mwenye soriasisi ya kichwani anavyoinuka kwenye kiti cha kitambaa cheusi. Kabla hajasimama wima hugeuka nusu, hupitisha kiganja juu ya kiti mara mbili, haraka, kisha hukung'uta mabega kana kwamba ananyoosha nguo. Katika kikao kimoja mwanamke alifanya hivyo alipotaka kutoka nje, na mzee aliyeketi pembeni yake, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu tuanze, akamwambia: "Acha tu binti yangu, hata mimi hapa nimeacha yangu." Watu wakacheka. Mwanamke yule akaketi tena, na badala ya kutoka akaanza kueleza jinsi alivyoacha kazi ya mapokezi kwa sababu ya koti jeusi la sare, ambalo lilimlazimu kwenda chooni kila baada ya muda mfupi kujifuta mabegani. Baada yake walizungumza wengine wanne au watano kuhusu nguo, shuka na viti vya magari, na mmoja akamweleza namna alivyomwomba mwajiri wake ruhusa ya kuvaa sare ya rangi nyepesi. Hakuna mtaalamu ambaye angeyapanga mazungumzo hayo kwenye ratiba, na kama mgeni rasmi angekuwa jukwaani wakati ule, mama yule angetoka na asingerudi.

Hata katika mambo ya tiba, mgonjwa ana la kumfundisha mgonjwa mwenzake. Chukulia krimu ya steroidi, yaani dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Maelekezo ya "paka kidogo mara moja kwa siku" hayasemi kidogo ni kiasi gani, kwa hiyo mwingine anapaka hadi ngozi inateleza na mwingine anapaka kwa woga kiasi kisichofika popote. Kipimo kipo, na wauguzi wa ngozi wanakijua: mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza ni karibu nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Nimemwona mgonjwa akikunja mkono wa shati, akaukamua mstari huo kidoleni mbele ya wote, akaugawa kwa vitone juu ya kiwiko, akaupaka taratibu kufuata uelekeo wa vinyweleo badala ya kuusugua, kisha akaketi na mkono wazi huku akiendelea kuzungumza, ili wenzake waone inachukua muda gani kabla ya kuteremsha shati. Alipomaliza, wengine walitoa mirija yao mifukoni wakajaribu wenyewe.

Ili mazungumzo ya namna hiyo yapatikane, yapo mambo ambayo mwandaaji hana budi kuyashikilia. La kwanza ni mpangilio wa ukumbi: viti vipangwe kwa duara, visiwe vya kitambaa cheusi ikiwezekana, na baadhi viwe na mikono ya kuegemea, kwa sababu inakadiriwa kwamba hadi asilimia 30 ya wenye soriasisi hupata pia ugonjwa wa viungo unaoambatana nayo, na kuinuka kwenye kiti kifupi kisicho na mikono ni adhabu kwa mtu ambaye magoti na vidole vyake vimevimba. Kwa sababu hiyohiyo ngazi ndefu ziepukwe. Manukato ya kupuliza yasitumike ukumbini, kwani ngozi iliyochubuka haivumilii.

La pili ni siri. Mwenyekiti aseme mwanzoni kabisa, kwa sauti ambayo hata aliyechelewa ataisikia, kwamba kinachosemwa hapa hakitoki na jina la mtu, na kwamba hakuna anayepiga picha. Wafadhili hupenda picha, nami nawaelewa, lakini picha moja ikirushwa kwenye kundi la simu bila ridhaa, watu wenye aibu kubwa kuliko wote, yaani wale ambao kikao kinawahitaji zaidi, hawataonekana tena. Atakayetaka kupigwa picha apigwe baada ya kikao, nje ya ukumbi.

La tatu ni wauzaji. Popote penye ugonjwa usioponyeka pana mtu mwenye chupa, na chupa hiyo haina orodha ya viambato. Zipo krimu zinazouzwa kama za mitishamba ambazo zimechanganywa steroidi kali bila kutajwa, nazo husafisha mabaka kwa haraka ya kustaajabisha, kisha mtumiaji akiacha, ugonjwa hurudi kwa ukali kuliko awali, na ngozi iliyotumia steroidi kali kwa muda mrefu huwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Msimamo wangu ni kwamba hakuna bidhaa inayouzwa wala kugawiwa kikaoni, hata ikiwa ya mwanachama, hata ikiwa mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi.

Mtaalamu naye ana nafasi yake, lakini aje nusu ya pili. Nusu ya kwanza wagonjwa wazungumze, katibu akusanye maswali bila majina, na mtaalamu akiingia akabidhiwe maswali hayo badala ya kupewa mada. Nimeona daktari akifurahia utaratibu huu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza hadharani kama mtu anaweza kunyoa sehemu za siri zenye mabaka. (Alijibu kwamba ni salama zaidi kupunguza kwa mkasi au mashine kuliko kutumia wembe, kwa kuwa jeraha lolote kwenye ngozi ya mtu mwenye soriasisi linaweza kuzaa baka jipya palepale. Hali hiyo hutajwa kwa jina la daktari Mjerumani Heinrich Köbner, aliyeieleza katika karne ya 19.)

Karibuni kwa hoja.

#2 – Mdadisi

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu picha na wauzaji, lakini kuhusu kumchelewesha mtaalamu ninakupinga. Wagonjwa wakiachwa wenyewe hufundishana makosa kwa ujasiri uleule wanaofundishana ukweli. Nimehudhuria kikao ambacho mtu alisimama na kueleza kwamba alikuwa akimeza vidonge vya steroidi, akaviacha ghafla "kwa imani", na akawashauri wengine wafanye hivyo. Baadaye nilisoma kwamba kuacha vidonge hivyo ghafla ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumsababishia mwenye soriasisi mlipuko wa vipele vya usaha mwili mzima, hali inayohitaji kulazwa. Pale kikaoni hakukuwa na mtu wa kumrekebisha, kwa sababu kila mmoja alikuwa akiheshimu "uzoefu wa mwenzake". Je, duara lako la viti linamlinda nani katika mazingira hayo?

#3 – Mama Wawili

Nawasalimu wote. Mimi ni mzazi, mwanangu wa pili ana soriasisi tangu akiwa shule ya msingi. Ilianza baada ya kuumwa koo, akatokwa na vipele vidogo kama matone kifuani na mgongoni, na daktari akatueleza kwamba maambukizi ya bakteria wa kooni yanaweza kuuamsha ugonjwa kwa namna hiyo kwa watoto na vijana.

Ninachotaka kusema ni kwamba vikao vingi havimfai mtoto. Nilikwenda naye mara moja, akakaa katikati ya watu wazima wanaozungumzia ndoa na kazi, na njiani akaniuliza kama na yeye hatapata mtu wa kumuoa. Tangu hapo nakwenda peke yangu. Ningependa kujua kama kuna aliyefanikiwa kuendesha kikao cha watoto pekee, na wazazi wakae wapi wakati huo, maana nikiwa chumbani mwanangu hujibu maswali huku akinitazama mimi.

#4 – Mwanzisha uzi

Ndugu Mdadisi, hoja yako ni nzito na sitaipita kando. Hatari unayoitaja ipo kweli. Ninachokataa ni kwamba dawa yake ni mtaalamu kushika kipaza sauti tangu mwanzo, kwa kuwa yule bwana aliyeacha vidonge angekuwepo vilevile, angenyamaza wakati wa hotuba, kisha angewashauri watu pembeni wakati wa kuaga, ambako hakuna wa kumsikia na kumsahihisha. Afadhali aseme mbele ya wote.

Sisi tunatumia kanuni ya kuzungumza kwa nafsi ya kwanza. Mtu anaruhusiwa kusema "mimi nilitumia, mimi niliona", lakini akifika kwenye "nanyi tumieni" au "nanyi acheni", mwenyekiti anamkatiza kwa upole na suala hilo linaandikwa kwenye karatasi ya mtaalamu. Inahitaji mwenyekiti asiyeona haya kumkatiza mtu mzima, nami nakiri kwamba watu wa namna hiyo ni adimu.

Zaidi ya hapo, yapo mambo ambayo mwenyekiti lazima ayajue kwa moyo, ili akiyasikia asisubiri nusu ya pili. Ngozi ikibadilika rangi na kuwaka karibu mwili mzima, au vipele vya usaha vikitokea pamoja na homa, mtu huyo anatakiwa hospitali siku hiyohiyo. Viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au kidole kizima kilichovimba, vinahitaji daktari mapema kabla kiungo hakijaharibika. Na kuna methotreksati. Dawa hii kwa soriasisi humezwa mara moja tu kwa wiki, na watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku kwa kudhani ni kama vidonge vingine, kwa hiyo mtu akisema kikaoni "nameza yangu kila asubuhi", mwenyekiti asimamishe mazungumzo, amuulize ni dawa ipi hasa, na kama ndiyo hiyo asimamiwe kumpigia daktari au mfamasia wake hapohapo. Vivyo hivyo kwa mwanamke anayetumia asitretini, dawa nyingine ya soriasisi ya kumeza, na anayepanga kupata mtoto, kwa sababu dawa hiyo hudhuru mimba, na wanawake huelekezwa kutoshika mimba hadi miaka 3 ipite baada ya kuiacha. Msichana anayeitaja dawa hiyo kikaoni na papo hapo akataja harusi yake, asiachwe aondoke bila kuulizwa kama alielezwa.

Nadhani sasa unaona kwamba simwondoi mtaalamu. Mwenyekiti awe amefundishwa na mtaalamu kabla ya siku ya kikao, na hapo ndipo mchango wa mtaalamu una thamani kubwa kuliko slaidi zake.

Mama Wawili, mtoto asiletwe kwenye kikao cha watu wazima, hilo ninakuunga mkono bila sharti. Kilichotufaa ni kuwapa watoto shughuli ya mikono, kuchora au kuunda vitu, chini ya kijana mkubwa ambaye naye ana soriasisi, na wazazi wakakaa chumba cha pili ambako mlango unaonekana lakini maneno hayasikiki. Watoto hawazungumzii ugonjwa kwa duara. Huuzungumzia huku wanagombania gundi. Wazazi nao wana mambo yao ambayo hawatayasema mbele ya watoto, hasa lawama za nani kamrithisha nani, na chumba chao hupata moto kuliko cha watoto.

#5 – Msomaji Kimya

Nina swali fupi. Je, mwenzi asiye na ugonjwa aruhusiwe kuhudhuria? Mke wangu angependa kuja, ila mimi nahofia sitasema kitu akiwepo.

#6 – Muuguzi wa Ngozi

Salaam kwenu nyote. Nimefanya kazi katika kliniki ya ngozi kwa miaka mingi na ninaunga mkono uzi huu, pamoja na nyongeza mbili.

Kwanza, kikao kinaweza kumwandaa mgonjwa aitumie vizuri zile dakika chache za daktari. Lipo dodoso fupi la maswali 10, lililotungwa na wataalamu wa Cardiff nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 1994, linaloupima ugonjwa wa ngozi kwa jinsi ulivyoyaathiri maisha ya mgonjwa katika wiki moja iliyopita: muwasho, aibu, mavazi, kazi, michezo, mahusiano, hata usumbufu wa tiba yenyewe. Alama hutoka 0 hadi 30, na zikizidi 10 huhesabiwa kwamba athari ni kubwa sana. Mgonjwa mwenye mabaka machache usoni au kwenye sehemu za siri anaweza kupata alama za juu kuliko mwenye mabaka mengi mgongoni, na daktari akiiona karatasi hiyo hubadilisha mtazamo wake kuhusu tiba inayostahili. Wasaidieni watu kulijaza kwa ukweli. Mgonjwa hukaza moyo akifika mbele ya daktari na kusema "naendelea vizuri", hasa akiwa mwanaume.

Pili, huzuni. Sonona na mawazo ya kujidhuru huwapata wenye soriasisi zaidi ya watu wengine, na si lazima walie ndipo ujue. Mtu aliyekuwa mzungumzaji akianza kugawa vitu vyake, au akisema kwamba amechoka kuwa mzigo, mwenyekiti amvute pembeni amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, na jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake hadi awe mikononi mwa mtaalamu wa afya ya akili au ndugu anayemwamini.

Kwa kuwa mmetaja mafuta ya kulainisha ngozi, niongeze tahadhari ambayo watu hawaijui: nguo, shuka na bandeji zilizolowa mafuta hayo hushika moto kwa haraka zaidi, hata kama mafuta yenyewe hayana asili ya petroli. Anayepaka asikae karibu na mshumaa, jiko wala sigara, na kufua hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa kabisa.

#7 – Mdadisi

Nashukuru kwa majibu. Kanuni ya nafsi ya kwanza nimeipenda, na suala la kumfundisha mwenyekiti mapema limenishawishi kwa kiasi kikubwa. Bado nasita kwenye jambo moja: vikundi vingi vina mtu mmoja mwenye moyo wa kujitolea, na mtu huyo huyo ndiye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mkimtwisha na kuyajua yote haya, atachoka na kikao kitakufa. Nimeviona vikidumu mwaka mmoja tu.

Aidha, ningependa kujua maoni yenu kuhusu wale ambao ngozi zao zimekuwa safi baada ya kupata dawa mpya za sindano. Katika kikundi chetu waliacha kuja mmoja baada ya mwingine, na waliobaki walisema ni afadhali, kwa sababu inauma kumsikiliza mtu mwenye mikono laini akikuambia uvumilie.

#8 – Mwanzisha uzi

Msomaji Kimya, njoo kwanza peke yako. Vikao vyetu vingi ni vya wagonjwa pekee, na mara moja moja tunafanya cha pamoja na wenzi, kikiwa kimetangazwa hivyo mapema. Ukishazoea, wewe mwenyewe utajua kama unataka mkeo aje kwenye hicho cha pamoja, na si lazima utake. Mwambie tu kwamba humfichi yeye, unatafuta mahali ambapo hutakuwa na haja ya kumtazama usoni kila unapomaliza sentensi.

Dada Muuguzi, asante sana. Dodoso hilo tutaliingiza kwenye kikao kijacho, na tahadhari ya moto nitaibandika mlangoni.

Mdadisi, kuhusu mwenyekiti kuchoka nakubaliana nawe moja kwa moja. Uongozi wa kikao uzunguke, na yule anayepokea zamu akae pembeni ya anayeikabidhi kwa vikao kadhaa kabla ya kuachiwa. Mwenyekiti naye ni mgonjwa, na ugonjwa ukicharuka hana budi kupumzika bila kuomba radhi. Kikundi kisichoweza kuahirisha kikao kwa sababu mwenyekiti hawezi kuvaa viatu kimesahau kiliundwa kwa ajili ya nani.

Kuhusu waliopata ngozi safi, maumivu unayoyataja nimeyaona, na sidhani kama ni haki kuwataka waliobaki wajifanye hawayasikii. Hata hivyo, ninataka waendelee kuja, kwa sababu za kivitendo. Wao ndio wanaojua sindano hizo zinavyotolewa, vipimo vya kifua kikuu na homa ya ini vinavyotakiwa kabla ya kuanza, na barua na fomu zipi zilihitajika ili wakubaliwe. Wengine kati yao dawa itapungua nguvu baada ya muda, na siku hiyo watahitaji mahali pa kurudi. Isitoshe, soriasisi haikomei kwenye ngozi: wenye ugonjwa mkali wana hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo na ya kisukari, kwa hiyo hata mwenye mikono laini anapaswa kupimwa shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu, na kikaoni ndipo atakapokumbushwa.

Tulichofanya sisi ni kuwaomba wasizungumze mwanzoni. Duara huanza na yeyote ambaye wiki hiyo imekuwa ngumu, na wenye nafuu huzungumza wakiulizwa. Mwanzoni walilalamika kwamba wananyamazishwa. Sasa hivi ndio wanaowahi kuja kupanga viti, na mmoja wao ndiye anayechukua zamu ya uenyekiti mwezi ujao.